Mwanga wa Pwani na Sura za Watu

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi zilizo mbali na bahari tuna shida moja ambayo wenzetu wa Tanga na Mombasa hawaijui. Twafundisha kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, ngalawa na jahazi, kwa wanafunzi ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari. Hapo hatuna budi kutegemea picha. Picha hubandikwa ukutani, hupokezanywa kutoka dawati hadi dawati, na siku hizi huonyeshwa katika simu. Mwanafunzi huitazama, kisha huuliza: mbona mbingu ni nyeupe kama karatasi? Mbona yule mvuvi hana macho?

Swali hilo la pili halistahili kupuuzwa. Katika picha nyingi za ufukweni mchanga hung'aa, tanga la chombo hung'aa, hata ndoo ya plastiki huonekana vizuri rangi yake; lakini mtu aliyesimama katikati ya hayo yote amekuwa doa jeusi lisilo na pua wala mdomo. Mwalimu ataka kufundisha neno "mvuvi", na picha yamwonyesha kivuli. Kasoro hiyo ina historia ndefu. Twaona ni vema kuieleza hapa, pamoja na njia ambazo watu mbalimbali wametumia kuishinda, kwani katika jambo hili ni vigumu kuzielewa mbinu bila ya kujua zilitokana na matatizo gani.

Chanzo ni mwanga. Jicho la mwanadamu hutazama wingu jeupe, mara hushuka likatazama uso wa mtu aliye kivulini, na kila mara mboni hujifinya au hupanuka kwa kadiri ya haja. Kisha akili huziunganisha sehemu hizo zikawa mandhari moja. Kamera ya kawaida haikupewa uwezo huo. Hufunguliwa mara moja, kwa muda mmoja, na kiasi hicho kimoja cha mwanga ndicho kinachotumika kwa mbingu, maji, mchanga na watu wote pamoja. Msituni, au sokoni chini ya paa, tofauti ya mwanga aghalabu si kubwa. Ufukweni ni kubwa mno, hasa katika pwani ya mashariki ya Unguja ambako mchanga umetokana na matumbawe na ni mweupe kama chokaa.

Miongoni mwa waliolikabili tatizo hili mapema, anayekumbukwa zaidi ni Mfaransa Gustave Le Gray, aliyezaliwa mwaka 1820. Kwanza alisomea uchoraji, kisha akavutwa na fani mpya ya picha. Alipoanza kupiga picha za bahari, mwaka 1856, njia iliyotumika ilikuwa ile ya kolodioni, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Mpiga picha alichukua bamba la kioo, akalipaka kolodioni, ambayo ni majimaji ya kunata, kisha akalitumbukiza katika dawa yenye fedha. Bamba lilipaswa kutiwa katika kamera likiwa bado bichi, likapigwa picha, na likasafishwa kwa dawa kabla halijakauka. Muda wote huo ni kama robo saa tu. Kwa hiyo aliyekwenda ufukweni alikwenda na hema la giza, chupa za dawa, maji safi na sanduku la vioo. Na upepo wa bahari, ambao hauna adabu, ulimrushia mchanga juu ya kioo kibichi.

Lakini mchanga ulikuwa taabu ndogo. Taabu kubwa ni kwamba dawa ile haikuona rangi kama tuzionavyo sisi. Iliuona sana mwanga wa buluu, ikawa karibu haiuoni mwanga mwekundu na wa manjano. Mbingu, kwa kuwa ni ya buluu na inang'aa, iliunguza bamba mara moja, wakati ambapo maji na nchi kavu bado havijajitokeza. Ndiyo sababu picha nyingi za zama zile zina mbingu tupu, nyeupe, isiyo na hata wingu. Mpiga picha aliyetaka mawingu alipunguza muda, akayapata mawingu na kupoteza bahari. Aliyetaka bahari aliongeza muda, akayapoteza mawingu.

Le Gray aliamua kutochagua. Huko Sète, mji wa pwani ya kusini ya Ufaransa, mwaka 1857 alitengeneza picha maarufu ya wimbi kubwa likivunjika kando ya gati. Picha hiyo ni mbili. Bamba moja ni la bahari, na la pili ni la mbingu iliyopigwa wakati mwingine, kila moja kwa muda wake. Alipokuwa akichapa karatasi aliziba sehemu ya juu akachapa bahari, kisha akaziba sehemu ya chini akachapa mbingu, na kiungo chake akakificha kwenye upeo wa macho, mahali ambapo hata maumbile yenyewe huchora mstari. Wataalamu waliolinganisha picha zake wameona kwamba mbingu moja aliitumia zaidi ya mara moja, juu ya bahari mbalimbali. Mtu mkali atasema huo ni udanganyifu. Sisi hatusemi hivyo, kwa sababu aliyesimama pale Sète kwa macho yake aliyaona mawingu na wimbi kwa pamoja, na ni kioo kisichoweza kuyapokea yote mawili ndicho kilichopunguza ukweli.

Alikuwa pia na njia ya pili, ambayo kwa mpiga picha wa leo huenda ina faida zaidi. Mwaka 1856 alielekeza kamera upande wa jua lenyewe, likiwa limefichwa na mawingu, akafungua kwa muda mfupi sana. Merikebu moja ikaonekana nyeusi juu ya maji yanayometameta. Picha hiyo ilipoonyeshwa London mwaka huo ilishangaza watu, na wengi waliamini kwamba imepigwa usiku kwa mbalamwezi. Hata jina lake lasema hivyo. Ni picha ya mchana. Le Gray alikubali vyombo viwe vivuli, akaifanya kasoro ya kamera kuwa ndiyo uzuri wa picha.

Hapa tungependa msomaji aangalie jambo moja. Picha za bahari za Le Gray takriban hazina watu. Merikebu yaweza kuwa kivuli na isipungukiwe na kitu, maana umbo lake latosha kuitambulisha. Mbingu yaweza kuletwa kutoka kioo kingine. Lakini sura ya mtu aliyesimama ufukweni haibandikwi namna hiyo, na mtu aliyefanywa kivuli hupoteza kile ambacho wanaomjua humtambua kwacho. Tatizo hilo Le Gray hakulitatua, kwa kuwa hakuwa na haja nalo. Yeye mwenyewe aliondoka Ufaransa mwaka 1860 pamoja na mwandishi Alexandre Dumas, wakaachana njiani huko Malta, na baadaye akaishia Misri, ambako alifundisha uchoraji hadi alipofariki mjini Cairo mwaka 1884. Mwaka 1999 nakala moja ya picha yake ya wimbi iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 500,000, bei ambayo picha ya kamera ilikuwa haijapata kufikia.

Maendeleo yaliyofuata twaweza kuyapitia kwa haraka. Mwaka 1871 Mwingereza Richard Leach Maddox alitangaza bamba kavu, hema la giza likawa halihitajiki tena ufukweni. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba dawa ikichanganywa na rangi fulani huanza kuona mwanga wa kijani, na hatimaye filamu zikapatikana zinazoona rangi zote, hata mbingu zikarudishiwa mawingu yake. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman aliuza kamera ndogo ya Kodak iliyokuja na filamu ya picha 100, na mwaka 1900 akatoa nyingine, Brownie, kwa bei ya dola moja tu. Tangu hapo ufukweni hakwendi mtaalamu peke yake. Baba, mama na watoto wote ni wapiga picha. Waliambiwa kanuni moja: jua liwe nyuma ya mgongo wa mpiga picha. Kanuni hiyo huleta mwanga usoni, ni kweli, lakini pia huwafanya wanaopigwa wakunje nyuso na kufumba macho. Albamu za familia duniani kote zimejaa watu waliokunja nyuso mbele ya bahari.

Sasa tugeukie pwani yetu, maana kamera ilifika huku hata kabla Le Gray hajaanza kazi yake ya bahari. Msafara wa Mfaransa Charles Guillain, uliopita pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848, ulikuwa na vyombo vya kupigia picha juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Zanzibar kabla ya kuingia bara pamoja na Speke. Huko bara aliiacha kamera akashika kalamu ya kuchorea, kwa kuwa joto la hema la giza halikuvumilika. Kisha wakaja wenye studio. A. C. Gomes, Mgoa, alianza kazi Zanzibar mnamo mwaka 1868, na baadaye ndugu wa Coutinho wakafuata. Hao ndio waliotengeneza zile kadi za posta ambazo wageni walizituma Ulaya kwa wingi mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Kadi hizo zina manufaa makubwa kwa mwalimu. Zaonyesha gati, majahazi yaliyopwelewa, mji wa mawe ukitazamwa kutoka baharini. Lakini tukizitazama kwa makini twaona kwamba nyingi zilipigwa kwa ajili ya majengo na vyombo, na watu ni wadogo, wamo kama miti ilivyomo. Aliyeandika maelezo chini yake aghalabu aliandika aina ya mtu: mchukuzi, mvuvi, mwanamke wa Kiswahili. Jina lake hakuliandika. Kwa hiyo kasoro ya mwanga na kasoro ya nia zilikwenda pamoja, hata ikawa vigumu kujua ni ipi iliyoanza.

Ili kuwaona watu wa pwani wakiwa na sura zao, mtu alipaswa kuingia ndani. Katika studio mwanga ulitoka dirishani au kwenye taa, ukaja ubavuni, ukapapasa shavu na paji la uso. Na aliyepigwa picha ndiye aliyelipa, kwa hiyo mpiga picha alilazimika kumpendeza. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, ni mfano unaojulikana. Ajabu ni kwamba hata bahari yenyewe iliingizwa ndani. Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kuchora nyuma, meli na ndege na miji, na mteja alisimama mbele ya meli ya rangi ilhali meli za kweli zilipita hatua chache tu kutoka hapo. Wako watakaocheka. Sisi twaona mteja yule alikuwa na akili: meli ya rangi haikumgeuza kuwa kivuli.

Mwaka 1932 kampuni ya Weston ilitoa kipima mwanga cha umeme, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kipima mwanga hakijui kinachotazama. Kimetengenezwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye mchanga mweupe husema mwanga umezidi, punguza. Mpiga picha akitii, mchanga hutoka wa kijivu, na mtu mweusi aliyesimama juu yake hutoka mweusi pasipo alama yoyote ya uso. Kamera zinazojipimia zenyewe zilirithi imani hiyo hiyo.

Filamu za rangi ziliongeza taabu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilipeleka kwa wasafishaji picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zikaitwa "Shirley", jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa. Mashine zilirekebishwa hadi Shirley apendeze, na ngozi nyeusi ikapata chochote kitakachobaki. Inasimuliwa na waliofanya kazi huko kwamba waliosikilizwa upesi walipolalamika kuhusu rangi za kahawia walikuwa ni watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitolewa na Kodak katika miaka ya 1990 tu.

Afanyeje basi mwalimu anayepeleka wanafunzi pwani na kutaka picha zenye manufaa? Kwanza apime mwanga usoni. Asogee karibu na mtu mpaka uso ujaze kamera, aufunge mwanga huo, kisha arudi nyuma apige. Katika simu nyingi yatosha kugusa uso kwenye kioo. Mchanga utazidi kung'aa kidogo, na hilo lisamehewe. Pili, autumie mchanga badala ya kupigana nao. Mtu akisimama chini ya upenu wa makuti, huku mchanga wenye jua uko mbele yake, mchanga huo humrudishia mwanga laini usoni kutoka chini, na vivuli vizito vya machoni hutoweka. Tatu, asione haya kuwasha taa ya kamera mchana. Mwingereza Martin Parr alifanya hivyo kati ya mwaka 1983 na 1985 alipopiga picha za wafanyakazi waliokuja kupumzika New Brighton, na Mholanzi Rineke Dijkstra, tangu mwaka 1992, aliwapiga vijana ufukweni kwa taa ndogo, kamera ikiwa chini kidogo, hata kila mmoja akaonekana mrefu na mwenye heshima mbele ya bahari.

La nne ni saa, na hapa lugha yetu inajua zaidi ya vitabu vya kamera. Karibu na ikweta jua hupanda wima, kama nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili, saa mbili asubuhi limekwisha kufika nyuzi 30, na saa nne kivuli cha paji la uso kimeanza kuyafunika macho. Mwanga mzuri hauzidi saa moja na nusu asubuhi, na kiasi hicho hicho jioni. Katika pwani ya bara, Mombasa hadi Mtwara, jua hutoka baharini. Kwa hiyo asubuhi anayetazama bahari humulikwa usoni, na anayeipa mgongo huwa kivuli. Mji Mkongwe wa Unguja umetazama magharibi, na huko mambo hugeuka.

Tena yapo maji. Neno pwani lenyewe latokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Mpiga picha anayekwenda bila kujua maji yako wapi huenda akakuta bahari imerudi nyuma kilomita moja. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hupwa sana, na kikomo cha kupwa huwa karibu saa nne asubuhi. Ndiyo saa ambayo wanawake wa Paje na Jambiani huwa katika mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kuwa cha biashara huko mnamo mwaka 1989. Hawana hiari ya kungoja mwanga laini wa jioni. Kazi yao hufuata mwezi. Anayetaka kuwapiga picha ni lazima afike wakati huo mgumu, mchanga ukiwa umelowa na kung'aa kama kioo, apige hodi kwanza, apewe ruhusa, na ndipo apime mwanga usoni. Akipata picha, aandike nyuma yake jina la mwenye sura, kama mwenyewe ameridhia.

Simu za siku hizi hufanya kazi ya Le Gray bila ya mwenyewe kujua: kwa kufumba na kufumbua hupiga picha kadhaa, nyingine kwa ajili ya mbingu, nyingine kwa ajili ya vivuli, kisha huziunganisha. Hata hivyo mawimbi hayangoji, na mara nyingine wimbi hutoka na ncha mbili. Mwanafunzi aliyesikia habari za Sète ataelewa mara moja kilichotokea.

Wenzetu walio kando ya Ziwa Tanganyika hawana haja ya kungoja safari ya pwani ili wajaribu haya. Bujumbura jioni ni ngumu, kwa sababu jua huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na kila aliye mbele ya maji huwa cheusi. Asubuhi ni kinyume chake. Wavuvi wa dagaa, waliokesha na taa zao ziwani, hurudi wakati ambapo jua latoka nyuma ya milima ya Burundi. Wanapopanda kutoka majini wameelekea mashariki, mwanga wote uko usoni, na ziwa liko nyuma yao likiwa bado la buluu. Mpiga picha asimame pembeni kidogo, jua lisimpige mvuvi machoni moja kwa moja, na awahi kabla dagaa hawajaanikwa, maana wakishatandazwa mchangani hung'aa kama fedha, na kipima mwanga kikiwaona wao hakitamwona tena mtu.